Asilimia Thelathini ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua daftari. Nisipoandika nitasema, na nikisema nitajuta. Nitalificha kwenye droo ya ramani za zamani, ambayo hakuna anayeifungua tangu tuletewe kompyuta mpya.

Basi niseme. Miaka kumi na tisa niko meza ya utabiri. Kila siku natazama anga — satelaiti, rada, vipimo vya asubuhi kutoka vituo thelathini na kimoja — halafu naandika karatasi moja: mvua asilimia ngapi, joto kiasi gani, upepo unatoka wapi. Saa kumi na mbili na nusu jioni yule mtangazaji wetu anakaa mbele ya kamera anaisoma. Dakika tatu. Dakika tatu! Na mji mzima unamjua. Wanamwita Anti Mawingu. Mimi wananiita "samahani mama, foleni inaanzia kule."

Leo hukohuko dukani nilikonunua daftari, muuzaji kaona kitambulisho changu cha ofisi. Kauliza kama namfahamu Anti Mawingu. Nikasema namfahamu. Basi nimpelekee salamu, nimwambie wanampenda sana. Nimezibeba hizo salamu mpaka getini, hapo nikazitua.

Jumanne, 4 Machi

Yule nimemfundisha mimi. Lazima iandikwe mahali. Miaka sita iliyopita kaja hapa hajui kutofautisha wingu la mvua na moshi wa jalala. Miezi minane kakaa kiti cha pembeni yangu. Alikuwa anauliza. Ukimjibu anauliza tena. Na mimi, mjinga, nilimpenda kwa hilo.

Sasa saa tisa alasiri namkabidhi anga. Ndivyo tunavyoita, na aliyeanzisha ni mimi, haiko kwenye mwongozo wowote. Karatasi ina visanduku vya namba tu, na kuna mambo namba haiyabebi. Kwa hiyo kabla hajaenda studio anakuja mezani, tunasimama mbele ya ramani, namwambia kwa mdomo: hii arobaini ni ya manyunyu, usiwatishe watu. Hii ishirini ni mbaya, ikija inakuja yote. Dakika tano, kumi. Yeye anaandika kiganjani kwa kalamu. Tabia hiyo imenishinda kumwachisha.

Leo kaja na chai yangu. Sukari kijiko kimoja na nusu. Anakumbuka. Hata hilo limeniudhi.

Alhamisi, 6 Machi

Jana jioni kawaeleza watu tofauti ya hali ya hewa na tabianchi. Kasema hivi: hali ya hewa ni mumeo alivyoamka leo. Tabianchi ni mumeo mwenyewe. Akinuna asubuhi moja, kalala vibaya, mwache. Akinuna miaka kumi, huyo kabadilika, na kabla hujamlaumu jiulize na wewe umemfanyia nini.

Mji mzima umecheka. Mlinzi wa getini kanisimulia. Dereva wa ofisi kanisimulia. Mpimaji wa kituo cha milimani kapiga simu kunisomea kipimo cha saa tatu, milimita sifuri, kisha na yeye kanisimulia.

Jamani, mfano huo ni wangu! Nilimpa kwenye kiti kilekile cha pembeni, mwaka wa kwanza. Na mume mwenyewe ni wangu. Ndiye aliyekuwa amenuna.

Kilichonimaliza ni cha nyumbani. Mume wangu, fundi wa friji, kaingia na mikono yake ya grisi, kakaa, kanieleza tofauti ya hali ya hewa na tabianchi. Mimi. Kwa mfano wa mume aliyenuna. Kacheka mpaka machozi yakamtoka. Kasema yule dada ana akili sana, sijui anazitoa wapi.

Nikamwambia chakula kipo jikoni.

Jumapili, 9 Machi

Mama kapiga simu. Hakupiga kunijulia hali, kapiga kunipa habari. Je, najua kwamba siku hizi anga linabeba pipa? Zamani lilibeba ndoo. Hewa ikipata joto inabeba maji mengi zaidi, basi anga linatembea na pipa lake kichwani wiki nzima bila kudondosha tone, na siku likijikwaa linamwaga lote mahali pamoja. Ndiyo maana siku za mvua zimepungua na mafuriko yameongezeka. Kasikia kwa Anti Mawingu.

Nikasema, Mama, hiyo ni ripoti yangu. Miaka mitatu nimekaa na madaftari ya vipimo ya miaka sitini, mengine yameliwa na panya pembeni. Kurasa sitini na nne. Siku za mvua milimani zimepungua kwa robo, na zile mvua za kumwaga saa moja zimekaribia kuwa mara mbili. Nakala nilikupa mwenyewe.

Kasema ndiyo, anayo, nzito nzuri, anaizuilia mlango usipigwe na upepo.

Halafu kwa ile sauti yake ya taratibu: mwanangu, wewe ukisema, mtu anatafuta miwani. Yeye akisema, mtu anaanua nguo.

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Mfano wa mume ulikuwa wangu, sawa. Ripoti ni yangu. Lakini pipa ni lake. Pipa siwezi kulidai. Nimejaribu kulitafutia kasoro tangu saa sita na sijaiona, na roho inaniuma kwa sababu ni zuri.

Jumatano, 12 Machi

Binti yangu ana miaka kumi na mitatu. Tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi, labda akiwa anakimbia. Leo nimefungua kabati lake kuweka nguo zilizopigwa pasi. Ndani ya mlango, picha ya yule, iliyokatwa gazetini. Meno yote nje, ramani nyuma yake. Ramani yangu!

Nikauliza, kwa upole, hii ni nini. Ndipo habari zikamwagika. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili ni siku ya michezo shuleni, mgeni rasmi ni Anti Mawingu, na yeye Chiriku kachaguliwa mbio ndefu: wanatoka uwanjani, wanavuka daraja, wanazunguka ng'ambo ya mto, wanarudi. Mshindi atavishwa medali na Anti Mawingu kwa mkono wake.

Nikasema kwa utani, mbona hawakunialika mimi, mwenye anga lenyewe? Kanijibu bila ubaya wowote, mtoto wa watu: "Mama, wewe nani atakujua?"

Hapo nikasema maneno. Kwamba yule anasoma tu. Kwamba hata kasuku anasoma. Kwamba ile sauti si yake, anaiweka. Chiriku kafunga mlango wa kabati. Kasema, "Mama, una wivu."

Baba yake kajifanya anatafuta bisibisi chini ya kochi.

Jumatatu, 17 Machi

Kikao. Nina hasira, mwandiko utasamehewa.

Kuna mkutano mkubwa wa tabianchi nje ya nchi, mwezi wa tano. Ofisi imeombwa kuwasilisha "ile ripoti ya mvua za milimani." Ripoti yangu. Nikajiweka sawa kwenye kiti. Nikawaza hata suti gani. Mkurugenzi kakohoa, kasema ripoti itawasilishwa na Anti Mawingu. Kamwita hivyohivyo, kikaoni, mkurugenzi mzima! Kasema yeye ndiye anajua kuongea na watu. Mimi nitamwandalia takwimu.

Yule kasimama. Kasema samahani mkuu, ripoti ni ya dada, aende dada, mimi nimeijua kwake. Mkurugenzi kasema imeshaamuliwa. Watu wote wakanigeukia kwa macho ya msibani.

Bora angenyamaza. Kunyang'anywa kitu ni jambo moja. Kuombewa mbele za watu na mtu uliyemfundisha kushika kalamu ni jambo lingine. Nikatabasamu. Shavu bado linaniuma.

Napika mimi, anasifiwa mpakuaji. Haya. Na apakue peke yake sasa.

Jumanne, 18 Machi

Saa tisa kaja kukabidhiwa anga. Nikamwambia nina kazi nyingi za takwimu zake. Kila kitu kipo kwenye karatasi. Kasimama kidogo, kalamu mkononi, kiganja kitupu. Kasema sawa dada. Kaenda.

Raha niliyoipata, niandike ukweli, iliisha kabla hajafika kwenye ngazi.

Alhamisi, 20 Machi

Siku ya tatu simkabidhi. Jana niliandika hamsini, manyunyu ya asubuhi, kitu cha kulowesha vumbi. Yeye namba ilimtisha. Kawaambia watu wabebe miavuli, wenye biashara za nje wajifunike. Leo mji mzima umetembea na miavuli kwenye jua kali. Dereva wa ofisi kasema Anti Mawingu kaanza kupwaya. Mlinzi kasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Nikacheka nao. Tembo hili maji nimelitia mimi.

Alasiri nimekuta kikombe cha chai mezani. Kijiko kimoja na nusu. Sikukigusa, kikapoa, nikakimwaga kwenye sinki nikiangalia nyuma kama mwizi.

Ijumaa, 21 Machi

Kesho ndiyo michezo. Asubuhi nimelitazama anga mara nne.

Milimani joto limekaa tangu wiki jana. Unyevu umejaa. Upepo wa juu umelala kabisa, kwa hiyo wingu likizaliwa halitakwenda popote, litamwaga palepale. Litazaliwa? Tatu kati ya kumi. Nimeandika 30. Ni namba sahihi. Niite mahakamani nitaitetea.

Lakini si thelathini ya manyunyu. Ni thelathini ya pipa. Na ikishuka milimani, kule bondeni kwenye uwanja wa shule kutakuwa na jua tu, hakuna atakayejua lolote mpaka mto uje. Hilo halina kisanduku kwenye karatasi.

Saa tisa mlango umegongwa. Nikanyanyua simu. Nikazungumza na simu isiyo na mtu, mtu mzima mimi, nasema ndiyo, ndiyo, hapana, nikamwonyesha kwa kidole: karatasi ile pale. Kaichukua. Kaisoma palepale amesimama. Kangoja. Nikageuza kiti.

Saa kumi na dakika tano, meseji: "Dada yangu samahani kukusumbua. Hii 30 ya kesho ni ya manyunyu au ya pipa? Nitakuwa na watoto uwanjani."

Nimeisoma. Tiki zikawa bluu, kaona kwamba nimesoma. Nikasema nitajibu nikimaliza chai. Chai ikaisha. Nikasema kama anakwenda kuuhutubia ulimwengu juu ya mapipa, basi pipa akiliona alijue.

Sikujibu.

Jioni tumekaa wote mbele ya televisheni. Kasema: "Kesho asilimia thelathini... tu. Wanangu wa mbio, kofia kichwani, maji chupani, tuonane uwanjani." Kasita kabla ya hiyo "tu." Mji mzima haukuona. Mimi niliona, kwa sababu kasita kama mtu anayeningoja mimi.

Chiriku karuka juu ya kochi. Nikafungua mdomo kumwambia asiende kesho. Kanigeukia, na nikalijua neno atakalosema kabla hajalisema. Na tena saba kati ya kumi hakutatokea kitu. Saba kati ya kumi nitakuwa nimejivua nguo bure mbele ya mwanangu.

Nikamwambia afunge kamba za viatu vizuri.

Jumamosi, 22 Machi

Saa mbili na nusu. Zamu, niko peke yangu. Baba yake kampeleka Chiriku shuleni kwa pikipiki, kisha karudi karakana. Anga jeupe. Pembeni ya dirisha jua linanichoma bega.

Saa tatu na nusu. Bado safi. Nimecheka peke yangu. Nimeandika kwenye simu, "Ya manyunyu, usijali," ili nijitoe kwenye lawama. Nikaiangalia. Nikaifuta. Ni uongo, na mimi ninajua.

Saa nne na robo. Nukta ya kijani kwenye rada, juu ya milima.

Saa nne na dakika ishirini na tano. Njano. Katikati nyekundu. Haisogei. Haisogei kabisa.

Saa nne na nusu. Mpimaji wa milimani kapiga simu, anapiga kelele kwa sababu ya mvua kwenye bati. Milimita arobaini na moja kwa robo saa. Nikamwambia soma tena. Kasema, mama, nisome nini, chombo kinafurika.

Nimempigia yule. Haipokelewi. Mara tano. Uwanjani kuna spika na muziki, simu iko kwenye pochi. Nimepiga ofisi ya shule, inaita tu, wote wako nje. Uokoaji wanasema wanatoka sasa hivi, dakika arobaini. Redio wanatangaza. Baba yake sijamaliza sentensi, nimesikia pikipiki ikiwaka.

Namba yake ipo kwenye simu yangu, juu kabisa, na swali lake la jana bado liko pale, halijajibiwa. Nimeandika chini yake: "YA PIPA. Mto unakuja. Ondoa watoto."

Neno lake. Sikuwa na lingine la haraka kama hilo.

Saa nne na dakika thelathini na tisa. Kwanza tiki moja, haijafika, kisha mbili, sasa bluu!

Saa nne na dakika arobaini na nne. Katuma sauti. Anahema. Nyuma watoto wanalalamika, nani kazima muziki. Kasema wanapanda madarasani, zaidi ya mia mbili, walimu wanawasukuma. Kasema asante dada. Hakuuliza chochote kuhusu jana. Halafu sauti ikabadilika: wa mbio ndefu walishatoka, tangu saa nne na nusu. Tisa. Wako ng'ambo ya mto. Kasema anavua viatu anawafuata. Kasema Chiriku ndiye anaongoza, kamwona akivuka daraja wa kwanza.

Nimeandika saa hizo kwenye kitabu cha zamu kama kawaida. Mkono umeandika wenyewe.

Siwezi kutoka. Nikitoka hakuna wa kutazama rada na kuna vijiji vingine chini ya bonde. Nimekaa. Naandika hapa kwa sababu nisipoandika nitapiga yowe.

Ukurasa wa arobaini na moja wa ripoti yangu, kile kizuizi cha mlango wa Mama: toka milimani hadi darajani maji huchukua dakika hamsini. Nimepima mwenyewe, mafuriko saba. Mvua imeanza saa nne na robo. Saa tano na dakika tano, basi. Na mbio zao, hadi kurudi darajani, ni dakika thelathini na tano kwa walio wepesi, nao walitoka saa nne na nusu. Hesabu nimerudia mara tatu. Atafika darajani pamoja na maji.

Cha kufanya ni kubaki ng'ambo. Kule kuna mwinuko. Lakini Chiriku akiwa mbele hasikii mtu. Mimi nikimwita anakaza mwendo, anadhani namshangilia. Baba yake vilevile. Duniani kuna mtu mmoja tu ambaye akitokea mbele yake na kusema simama, mwanangu atasimama palepale, ataacha na medali. Picha yake iko ndani ya mlango wa kabati.

Mungu wangu. Amfikie. Amshike mkono. Hata akinirudishia mtoto anayemwita yeye mama, nitapokea.

Saa tano kasoro dakika mbili. Mpimaji kapiga tena. Kasema milimani mvua imekatika, jua limetoka, kumependeza sana. Nimeandika kipimo: 97.

Nimemtumia yule meseji ya pili. "Wabaki ng'ambo. Wasivuke. Mwambie Chiriku mama yake kasema akusikilize wewe."

Ina tiki moja.